Machu Picchu: Ni msimu gani umfaao msafiri?

Leo makala haya yanaelekea Amerika ya Kusini, katika milima ya Andes nchini Peru, kwenye magofu ya Machu Picchu, mji uliojengwa na Wainka katika karne ya 15. Swali litakalochambuliwa ni jepesi kulitamka lakini zito kulijibu: mtu aliyejaaliwa nafasi na nauli ya kufika huko mara moja tu katika maisha yake, achague mwezi gani?

Swali hili si la anasa kama linavyoweza kudhaniwa. Kwa familia iishiyo Muscat, London au Minneapolis, safari ya Peru huweza kuwa matunda ya akiba ya miaka mingi. Msafiri akikosea mwezi, anaweza kufika juu ya mlima akakuta ukungu mtupu, au akakuta njia ya reli imefunikwa na udongo, au akaambiwa kwamba tiketi za siku hiyo zilikwisha zamani. Na upande wa pili wa swali hilo wapo wenyeji wanaoishi kwa kazi ya utalii, na yapo mawe yenyewe, ambayo yamesimama kwa takriban miaka 600 na ambayo yakivunjika hakuna fundi wa leo awezaye kuyarejesha yalivyokuwa.

Kwanza ni vyema kupafahamu mahali penyewe. Mji wa Machu Picchu uko mita 2,430 juu ya usawa wa bahari, kwenye mgongo wa mlima ulio baina ya vilele viwili, huku mto Urubamba ukijipinda bondeni chini yake. Upande mmoja kuna nyanda za juu za Andes, zilizo kavu na zenye baridi. Upande wa pili mlima unateremka kuelekea msitu mkubwa wa Amazon, wenye joto na unyevu. Hewa ya msituni hupanda, hupoa, na kugeuka mawingu. Ndiyo maana mahali hapa hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi kinachokaribia mara mbili ya mvua inyeshayo Dar es Salaam.

Hapa msikilizaji kutoka Afrika Mashariki anaweza kuwa na wepesi wa kuelewa kuliko msafiri wa Ulaya. Machu Picchu iko kusini mwa ikweta, kwenye latitudo ya 13, karibu sawasawa na mji wa Pemba ulioko kaskazini mwa Msumbiji. Mpangilio wa misimu yake hautakuwa mgeni kwa mtu wa Songea au Mtwara: mvua moja ndefu inayoanza kujikusanya mwezi Novemba na kumalizika Aprili, kisha kiangazi kirefu chenye usiku wa baridi katika miezi ya Juni na Julai. Anayeishi London na kuzoea kuuhesabu mwezi Januari kuwa wa baridi na Julai kuwa wa joto, hana budi kuigeuza kalenda yake kabla ya kununua tiketi ya ndege.

Sasa tuitazame misimu hiyo mmoja baada ya mwingine.

Msimu wa kiangazi, yaani kuanzia Mei hadi Septemba, ndio unaosifiwa zaidi katika vitabu vya watalii. Mbingu huwa safi, njia za milimani huwa kavu, na vilele vyenye theluji huonekana kutoka mbali. Mwezi Juni una mvuto wake wa pekee. Tarehe 24 Juni huadhimishwa katika mji wa Cusco sikukuu ya Inti Raymi, yaani sikukuu ya Jua, ambayo ilikuwa kubwa katika dola ya Wainka, ikapigwa marufuku na watawala wa Kihispania katika karne ya 16, na kufufuliwa mwaka 1944. Siku chache kabla ya hapo jua hufika ukomo wa safari yake ya kaskazini, na katika hekalu la Jua ndani ya Machu Picchu mwanga wa alfajiri hupenya dirishani na kulielekea jiwe lililochongwa katikati ya chumba. Waliolijenga hekalu hilo hawakuwa na saa wala kalenda ya karatasi. Dirisha lile lilikuwa miongoni mwa njia zao za kuhesabu mwaka.

Lakini uzuri huo una gharama yake. Juni, Julai na Agosti ni miezi ya likizo za shule huko Ulaya, Marekani na nchi za Ghuba. Tarehe 28 na 29 Julai ni sikukuu za uhuru wa Peru, na wananchi wenyewe husafiri kwa wingi. Serikali imeweka kikomo cha watu wanaoruhusiwa kuingia kwa siku. Tangu mwaka 2024 kikomo hicho ni watu 4,500, kinachoweza kupandishwa hadi 5,600 katika siku za msongamano. Tiketi huuzwa kwa siku maalumu, saa maalumu na njia maalumu, na jina lililoandikwa humo hulinganishwa na pasipoti. Kwa hiyo anayeamua mwezi Mei kwamba atasafiri Julai huwa amechelewa. Baridi nayo haina budi kukumbukwa. Mchana katika Machu Picchu huwa na joto la kupendeza, lakini mjini Cusco, ulioko mita 3,400, usiku wa Juni na Julai huweza kukaribia nyuzi sifuri.

Msimu wa mvua, hasa kuanzia Desemba hadi Machi, una sura nyingine kabisa. Januari na Februari ndiyo miezi ya mvua nyingi zaidi. Milima huwa ya kijani kibichi, maua ya okidi huchanua, na watu hupungua. Mvua hainyeshi mchana kutwa kila siku. Mara nyingi huachia nafasi ya saa kadhaa, na ukungu unapopasuka ghafla mji wote hujitokeza kana kwamba pazia limevutwa. Wapo wasafiri waliofika mwezi Februari na kurudi na picha ambazo waliofika Julai wanazitamani.

Hata hivyo hatari za msimu huo si za kupuuzwa. Mwishoni mwa Januari 2010, mvua kubwa iliufurisha mto Urubamba, ukabomoa reli, na maporomoko ya ardhi yakasababisha vifo. Karibu watalii 4,000 walikwama bondeni kwa siku kadhaa, wakaondolewa kwa helikopta. Machu Picchu ilifungwa hadi tarehe 1 Aprili mwaka huo. Ieleweke kwamba hakuna barabara ya magari inayotoka Cusco moja kwa moja hadi mji mdogo wa Aguas Calientes ulioko chini ya magofu. Wageni wengi hufika kwa treni, na wengine hutembea kwa miguu. Reli ikikatika, mgeni hana njia nyingine ya haraka. Aidha ile njia mashuhuri ya kale ya Wainka, ambayo watembeaji huimaliza kwa siku nne, hufungwa kila mwaka kwa mwezi mzima wa Februari ili ikarabatiwe. Mji wenyewe huendelea kuwa wazi, ila anayetaka kuufikia kwa miguu kupitia njia hiyo asahau Februari.

Baina ya misimu hiyo miwili iko miezi ya mpito, na hapo ndipo wajuzi wengi wa safari huelekeza kidole. Mwishoni mwa Aprili na mwezi Mei mvua zimekwisha kupungua, milima bado ni ya kijani, mbingu zimeoshwa, na umati wa likizo bado haujafika. Septemba na mwanzo wa Oktoba watu huanza kupungua na mvua bado hazijawa nzito, ingawa kuna kasoro moja ambayo mkulima wa Afrika Mashariki ataitambua mara moja: kabla ya mvua watu huchoma mashamba, na moshi huitia anga utusitusi. Kwa hiyo ikiwa msafiri yuko huru kabisa kuchagua, na hana mtoto anayesubiri likizo ya shule, mwezi Mei una hoja zenye nguvu kuliko miezi mingine.

Lakini je, kalenda hiyo inaaminika kila mwaka? Wakulima wa Andes wana jibu lao. Kila mwezi Juni, wakati wa sikukuu ya Mtakatifu Yohana, baadhi yao hupanda juu ya vilima usiku wa manane na kukitazama kundi la nyota ambalo Waswahili hukiita Kilimia. Nyota hizo zikionekana nyingi na angavu, hutarajia mvua njema na kupanda viazi kwa wakati wake. Zikionekana hafifu, huahirisha kupanda. Mwaka 2000 wataalamu Benjamin Orlove, John Chiang na Mark Cane walichapisha katika jarida la Nature utafiti ulioonyesha kwamba desturi hiyo ina msingi wa kisayansi. Katika miaka ya El Niño mawingu mepesi ya juu sana, ambayo jicho haliyaoni, huufifisha mwanga wa nyota hizo, na miaka hiyohiyo mvua za nyanda za juu huwa chache.

Jambo hilo lina mvuto wa pekee kwa msemaji wa Kiswahili. Jina lenyewe Kilimia linatokana na kulima, na wazee wa mwambao walifundisha kwamba Kilimia kikizama wakati wa jua huzuka na mvua, na kikizama wakati wa mvua huzuka na jua. Watu wawili waliotenganishwa na bahari mbili walizitazama nyota zilezile kwa shughuli ileile ya shamba. Na funzo kwa msafiri ni kwamba wastani wa miaka mingi si ahadi ya mwaka mmoja. Anayesafiri atazame pia utabiri wa mwaka husika.

Inafaa vilevile kuuliza: wenye mji wenyewe walikuwa wakija lini? Wanazuoni wengi wanakubaliana kwamba Machu Picchu ilikuwa makao ya mapumziko ya mfalme Pachacuti na jamaa zake. Utafiti wa mifupa uliochapishwa mwaka 2021 umeonyesha kwamba watu walikuwa wakiishi hapo tangu takriban mwaka 1420. Richard Burger na Lucy Salazar wa Chuo Kikuu cha Yale wameeleza kwamba ukoo wa mfalme yaelekea ulikuwa ukihamia huko katika kiangazi, wakati Cusco ina baridi kali ya usiku, kwa kuwa Machu Picchu iko chini zaidi na ina uvuguvugu. Mvua ziliporudi, wakubwa walirejea Cusco na kuwaachia watumishi na wakulima kazi ya kuutunza mji. Kwa maneno mengine, mtalii anayepanga safari ya Juni anaifuata ratiba ya mfalme.

Wale waliobaki waliikabili mvua kwa ustadi. Mhandisi wa maji wa Marekani, Kenneth Wright, ambaye aliuchunguza mji huo katika miaka ya 1990, aliona kwamba mafundi wa Inka waliileta mji maji ya chemchemi kwa mfereji wa takriban mita 750, wakayagawa katika visima 16 vya kububujika, na kuweka takriban matundu 130 ya kutolea maji ya mvua katika kuta na ngazi. Chini ya matuta ya mashamba walitandika mawe na kokoto ili maji yazame bila kuusukuma udongo. Alikadiria kuwa asilimia 60 ya kazi yote ya ujenzi imo ardhini, mahali ambapo mgeni haoni. Mji ule umedumu kwa sababu waliojenga waliihesabu mvua kabla ya kuliweka jiwe la kwanza.

Jambo ambalo mafundi hao hawakulihesabu ni miguu ya watu elfu kadhaa kila siku. Mwaka 1911, Mmarekani Hiram Bingham alipoongozwa na mkulima wa huko, Melchor Arteaga, hadi kwenye magofu hayo, alikuta familia chache tu zikilima matuta ya kale. Mwaka 1983 shirika la UNESCO liliuweka mji huo katika orodha ya urithi wa dunia. Tangu hapo wageni wameongezeka mno. Mwaka 2000 winchi iliyotumiwa katika upigaji filamu ya tangazo la bia iliuangukia mwamba mtakatifu uitwao Intihuatana na kuvunja kipande chake. Hivi sasa wageni hupita katika njia zilizopangwa, na sehemu nyingine za mji hufungwa au kuwekewa saa maalumu. Kwa hiyo anayechagua mwezi wenye watu wachache hajitafutii raha peke yake. Huyapunguzia mzigo mawe yaleyale aliyoyafuata.

Mzigo mwingine uko mabegani mwa binadamu. Katika njia ya Wainka, kikomo ni watu 500 kwa siku, wakiwamo waongozaji na wapagazi. Wapagazi hao, ambao wengi ni Wakechua kutoka vijijini, hubeba mahema, vyakula na majiko kupita kilele cha zaidi ya mita 4,200. Sheria ya Peru ya mwaka 2001 iliweka kilo 20 kuwa mwisho wa mzigo wa mpagazi mmoja, kiwango kilekile kinachotumika katika mlima Kilimanjaro. Yeyote aliyewahi kuwaona wapagazi wa Marangu au Machame anajua kwamba sheria iliyoandikwa ni jambo moja na mizani ni jambo jingine. Mvua inapolowesha hema, uzito huongezeka na ngazi za mawe huteleza. Mgeni anayechagua mwezi wa mvua ili alipe nafuu, akumbuke kwamba sehemu ya unafuu huo inabebwa na mtu mwingine.

Halafu yapo mambo ambayo hayamo katika msimu wowote. Mwezi Machi 2020 janga la korona liliufunga mji huo hadi Novemba mwaka huohuo. Januari 2023 ulifungwa tena kwa takriban wiki tatu na nusu kutokana na machafuko ya kisiasa. Januari 2024 wakazi wa Aguas Calientes waligoma kupinga mfumo mpya wa uuzaji wa tiketi, na Septemba 2025 mamia ya watalii walikwama baada ya mgogoro juu ya mabasi kusimamisha treni. Itabainika kwamba Septemba, mwezi unaosifiwa kwa utulivu wake, haukuwaokoa wasafiri wa mwaka huo.

Kutokana na hayo yote, ushauri unaoweza kutolewa ni huu. Mwenye uhuru wa kuchagua achague mwisho wa Aprili au Mei, na akikosa, Septemba au mwanzo wa Oktoba. Mwenye watoto wa shule aende Julai au Agosti, ila anunue tiketi ya kuingilia kabla ya ile ya ndege, miezi kadhaa mapema. Anayetaka kulishuhudia jua la Juni na sikukuu ya Inti Raymi ajiandae kwa umati na kwa baridi. Anayependa ukimya na asiyeogopa kulowa anaweza kwenda Novemba au mapema Desemba. Ama Januari na Februari ni za mtu mwenye siku za akiba, ambaye treni ikichelewa siku mbili hatapoteza kazi wala ndege ya kurudi.

Na katika mwezi wowote, mambo matatu hayabadiliki. La kwanza ni mwinuko. Cusco iko juu kuliko kituo cha Mandara na chini kidogo ya kituo cha Horombo katika Kilimanjaro, na anayetua hapo kwa ndege kutoka pwani huweza kupatwa na maumivu ya kichwa na kichefuchefu. Ni bora kuteremka kwanza hadi katika bonde la Urubamba, kupumzika siku moja au mbili, na kumwona daktari kabla ya safari ikiwa msafiri ana maradhi ya moyo au ni mjamzito. La pili ni saa. Hata katika kiangazi ukungu hulifunika bonde alfajiri, na wengi waliolipia saa ya kwanza ili waone jua likichomoza huona weupe mtupu hadi saa tatu au saa nne za asubuhi. La tatu ni nyaraka. Mwenye pasipoti ya nchi ya Afrika Mashariki aulize mapema katika ubalozi wa Peru kuhusu viza, kwani majibu hayafanani kwa kila uraia wala kwa kila nchi ya makazi.

Zaidi ya yote, mwenye kuweza aongeze siku moja bondeni. Mwezi mwema hupunguza uwezekano wa kuharibikiwa, lakini hauondoi. Siku moja ya ziada huweza kuokoa safari ambayo familia imeiwekea akiba kwa miaka kumi, iwe ni Mei yenye mbingu safi au Februari yenye ngurumo.